Bwana Mifugo wa Mugeta na Mioyo Isiyofanana

Jua halijapanda, lakini Keraryo Nyamhanga tayari amechoka. Kando ya josho la kuogeshea mifugo, ameinama ubavuni mwa mbuzi, mirija ya kusikilizia moyo masikioni. Mwenye mbuzi, Mzee Werema, anangoja kuambiwa kwamba mnyama wake anakufa.

“Mbuzi mzima huyu, mzee.”

“Moyo unakimbia.”

“Ni mbuzi. Moyo wa mbuzi hukimbia kuliko wa ng’ombe.”

Keraryo ni bwana mifugo wa kijiji cha ujamaa hapa Mugeta. Watu walipohamia mwaka jana, mifugo ilichanganyika na magonjwa yakaanza kuenea upesi. Ndipo akawafundisha wafugaji kupapasa mshipa chini ya taya la ng’ombe na kutambua mapigo yaliyozidi. Walielewa vizuri. Tatizo ni kwamba sasa kila mnyama anapimwa kama ng’ombe.

“Nilisema ng’ombe,” analalamika. “Wiki iliyopita mtu amechinja ndama mzima eti moyo unakwenda mbio. Ndama ni mtoto, lazima uende mbio. Juzi nimeletewa kuku. Wa kuku utauhesabu saa ngapi? Unatetemeka tu mkononi. Na tembo wanaokula mahindi yetu, moyo wao ni wa polepole kuliko wetu sisi. Nao mtaniambia wanaumwa?”

Nyuma ya Werema amesimama Benedikta Nyangi, mjane anayeipelekea zahanati maji kwa punda wake. Punda hajala tangu jana. Majirani walimpima, wakasema ni mzima: mapigo yake ni sawasawa na ya ng’ombe.

“Basi rudi naye nyumbani, mama,” Keraryo anamwambia bila kuinua kichwa. “Leo nimechoshwa na mioyo.”

Benedikta haondoki. “Sikuja kwa ajili ya moyo. Huyu huwaga anakula hata nyasi za paa. Sasa hataki kitu.”

Keraryo anashusha pumzi, anaweka chombo ubavuni mwa punda. Anasikiliza, anahama upande, anasikiliza tena.

“Kweli, sawa na ng’ombe,” anasema. “Ndiyo ubaya wenyewe. Punda ni mdogo kuliko ng’ombe, lakini akitulia moyo wake huwa wa polepole zaidi. Huyu ana maumivu.”

Anainua mguu mmoja baada ya mwingine. Anapobonyeza ukwato wa nyuma, punda anaruka. Anauchokoa kwa kisu, usaha mweusi unamwagika. Anaosha kwa maji ya chumvi na kufunga kitambaa. Kabla ya adhuhuri punda anatafuna majani kando ya josho.

“Ulitaka kunifukuza,” Benedikta anamwambia.

“Nilitaka, mama.”

Sasa Keraryo amepanga kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, kila kaya ilete mnyama wake hapa joshoni.

“Kila mtu ausikie moyo wa mnyama wake angali mzima. Wakishaujua, labda nitapumzika.”

Mzee Werema anauliza kama na bata wanaruhusiwa.

Keraryo anavua mirija masikioni. “Leta,” anasema. “Leta na bata.”