Sikio Nililolilalia

Saa kumi na moja na dakika tano alfajiri king'ora cha mgodi kililia. Nilipoinua kichwa, ukingo wa sikio langu la kulia uliniuma kama umechomwa. Kwenye kioo niliona kinundu kigumu, kidogo kama punje ya mtama, chenye gamba katikati. Baba mkubwa alikufa kwa kidonda cha saratani shavuni kilichoanza hivyohivyo, nami nilijiandaa kwenda kukatwa sikio katika hospitali ya Lubumbashi.

Mke wangu alinipeleka kwanza kwenye dispansari ya mtaa. Muuguzi, mama wa makamo, alikibonyeza kinundu, nikaruka.

"Tata, unalalaka upande gani?"

"Wa kulia tu, miaka kumi na moja. Sikio la kushoto linabaki juu, lisikie king'ora."

"Basi king'ora ndiyo imekuuma! Sioni kansere hapa."

Alinieleza kwamba gegedu la sikio ni jembamba na hupata damu kidogo, kwa hiyo likibanwa kila usiku, ngozi iliyo juu yake huumia. Jua na baridi huzidisha madhara.

"Toboa mto, sikio ikae mu tundu. Isipopona miezi mbili, rudia, tukate kipande tupime."

Niliutoboa mto jioni ileile.

"Sasa tunalalia mto ulioliwa na panya," mke wangu alisema.

Wiki ya sita kinundu kilikwisha. Sikwenda Lubumbashi, na nauli ya kwenda na kurudi ilibaki nyumbani: zaire kumi na mbili.