Ree Mbili Mbele ya Baba Mkwe

Nyie mnaocheka kila mkiniona karibu na mwiko, leo naisimulia mwenyewe, kwa sababu naona habari imeshafika Mpanda mjini ikiwa imetiwa chumvi mpaka eti nililia (sikulia, ule ulikuwa moshi), na kama ni kuaibika basi niaibike kwa maneno yangu.

Mimi natengeneza simu pale Kawajense, mnajua. Kazi ya heshima kabisa, ila si kwa baba mkwe wangu. Mzee ni mkulima wa mpunga kule Kasansa, mtu wa kanisa, na aliwahi kununua simu kwa kijana mmoja wa stendi, akafika nyumbani, akafungua boksi, akakuta kipande cha sabuni kimekatwa vizuri kwa ukubwa wa simu. Tangu siku hiyo kila anayekula kupitia simu kwake ni tapeli. Na mimi, kwa bahati yangu njema, katika wasichana wote wa mkoa wa Katavi nikampenda binti yake, Skola.

Mahari ilishapokelewa, lakini matangazo ya ndoa kanisani yalikuwa yameahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya msiba, mara ya pili eti mpunga unavunwa. Skola ndiye aliyenipasulia ukweli. "Baba anakuogopa," akaniambia. "Anasema una maneno mengi kama yule wa sabuni. Jumapili katekista anakuja kula kwetu, na baba atampa jibu la mwisho, atangaze ndoa au aache. Wewe njoo, ukae, unyamaze."

Kukaa na kunyamaza, kazi ambayo hata gunia la mpunga linaiweza. Nikaenda nimenyoa, nimevaa shati jeupe, nikagawa shikamoo mpaka kwa watu niliowazidi umri. Baada ya misa wanawake wakaingia jikoni, sisi tukakaa barazani kumsubiri katekista: baba mkwe, shemeji yangu Kizito, majirani wawili, na bibi yake Skola, ambaye kwa utani wa bibi na wajukuu ananiita mume wangu na kunidai vitenge. Kizito akatoa karata wacheze lastikadi yao ya siku zote, na mimi (nasema ni shetani, maana akili yangu mwenyewe isingethubutu) nikafungua mdomo.

"Baba, huo ni mchezo wa watoto. Kuna mmoja wa wakubwa unaitwa poka. Nimejifunza kwenye simu."

Kwenye simu, mbele ya mzee wa sabuni. Skola alikuwa anapita na ndoo, akasimama, akanitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, akaendelea na safari yake.

"Unachezewa hela?" mzee akauliza taratibu.

"Hapana baba, tutawekeana karanga tu."

Nikawafundisha. Kila mtu anapewa karata mbili anazificha, kisha zinafunuliwa tano katikati za watu wote, tatu kwanza, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Ukiunganisha za kwako na za katikati ukapata jozi au mpangilio mzuri kuliko wenzako, unachukua karanga zote zilizowekwa. Kila hatua watu wanaweka dau, anayeona karata zake hazifai anazitupa na kukaa pembeni. Na kwa huruma yangu isiyo na mipaka, nisije nikawafilisi wakwe, nikaweka sheria kwamba kuongeza dau ni karanga moja tu, haizidi. Baba mkwe naye akaweka yake: atakayekuwa wa kwanza kuishiwa karanga ndiye atakayesonga ugali wa leo, wa watu wote, awe mwanaume awe nani. Nikakubali mbio mbio, maana nilishamwona Kizito kwenye moshi.

Sasa, kule kwenye simu nilikuwa hodari wa kutisha watu. Unaongeza dau ukiwa huna kitu, wao wanakimbia. Kasansa hakimbii mtu. Niliwatisha, wakaweka karanga. Nikawatisha tena, wakaniambia mbona natoka jasho, wakaweka karanga. Fungu langu likawa linapungua na mwalimu bado anaelekeza.

Ndipo zikaja. Ree mbili, karata kubwa kuliko zote, ya kopa na ya shupaza. Hakuna mwanzo mzuri kuliko huo kwenye poka, na kila mjuzi anajua ukizipata unaongeza dau hapo hapo, wenye karata hafifu waondoke, kwa sababu ree mbili ni kali lakini ni mbili tu, ukiacha kundi zima likufuate lazima mmoja ataokota kitu njiani. Nilijua hayo yote. Lakini nikaona kumwongezea dau baba mkwe mapema ni utovu wa adabu, na moyoni nikajidanganya kwamba nawatega, basi nikaweka karanga moja kwa upole, uso wa mgonjwa wa malaria. Wote sita tukabaki.

Zikafunuliwa tatu: mfalme, tisa, saba. Sasa nikaongeza. Kizito akafuata, majirani wakafuata, mzee akafuata.

"Karanga moja itaniua, mume wangu?" bibi akasema, akafuata.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona uzuri wa sheria yangu. Karanga moja haimfukuzi hata kuku. Kuku anaifuata.

Ya nne ikatoka nne. Nikaongeza, wakafuata. Ya mwisho ikatoka mbili, mbili ndogo ya kisu, isiyo na maana kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Nikaongeza. Majirani wakatupa, Kizito akatupa, mzee akatupa, nikaanza kutabasamu, na bibi, ambaye tangu asubuhi hajaongeza hata mara moja, akaongeza juu yangu.

Mtu mwenye busara angejiuliza kilichompata huyu mama. Mimi nilichungulia ree zangu nikaona bado mbili, bado nzuri, nikaweka karanga yangu ya mwisho duniani.

Bibi akafunua. Saba na mbili. Saba yake na ya katikati, mbili yake na ya katikati, jozi mbili, na jozi mbili zinaua jozi moja hata iwe ya ree. (Aliyemfundisha ni mimi.)

"Bibi," nikasema, "saba na mbili ni takataka. Ulibaki kwa nini?"

"Ningeenda wapi? Si nimekaa hapa hapa," akasema, akaanza kumenya ushindi wake na kuutafuna.

Akanifunga kanga ya mama mkwe yeye mwenyewe, wanawake wakatoka jikoni wakikohoa kicheko. Sufuria la watu kumi na tano, mafiga matatu, na mimi ambaye Mpanda naishi kwa chipsi mayai. Nikamwaga unga maji hayajachemka. Ukawa uji. Nikaongeza unga, yakawa madonge, nikaongeza maji, madonge yakaanza kuogelea, na hata hapo sikusema nimeshindwa. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hata njiani nampisha, akaja kuchukua chumvi, akaniona ndani ya kanga yake natwanga sufuria kwa mwiko, akafunika uso akarudi kinyumenyume. Na katekista naye akachagua dakika hiyo kufika.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina," nikajibu kutoka kwenye moshi.

Akachungulia. "Huyu ndiye bwana harusi, au mmeajiri mtu?"

Wote walikuwa wameshikilia mbavu. Nikajua ndoa imekwisha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kwa kweli nilimwonea huruma Skola, ambaye aliniomba jambo moja tu.

Tukala. Mzee akabonyeza tonge, likatoka vumbi la unga mkavu. Akalitazama muda mrefu, akalimeza, akanywa maji.

"Katekista, Jumapili ijayo tangaza ndoa," akasema.

Hata Skola aliacha kutafuna. Katekista akauliza kama ana uhakika.

"Nilikuwa naogopa huyu kijana ni tapeli wa mjini," mzee akasema. "Leo kaleta mchezo wake, sheria zake, kafundisha yeye, na kafilisiwa na mama yangu mwenye saba na mbili. Huyu hawezi kumtapeli mtu. Tatizo langu sasa ni yeye asije akauziwa sabuni."

Tumeoana. Karata nimeapa sigusi tena, sikukuu wala msibani, hata za kuagulia. Lakini wenzangu wameozeshwa kwa sababu ni wachapakazi, wengine kwa tabia njema, mimi nimeozeshwa kwa kuthibitika mbele ya mashahidi kwamba sina akili ya utapeli, na kila nikimwangalia mke wangu nashukuru sana kwamba sina.