Kopo la Maziwa Chini ya Gari la Posa

Jamani, hii habari wengine wameshaisimulia kwa kuiongezea chumvi, kuna hata mmoja anayedai niliunguza zizi la watu, kwa hiyo acheni niisimulie mimi mwenye aibu yangu, maana kama ni kuchekwa nimeshachekwa kuanzia Tengeru mpaka kule juu Nkoaranga na bado niko hai.

Mimi naitwa Aneth, nauza miche ya parachichi pale Tengeru, na nina gari langu la zamani, stesheni wagoni, ambalo nalipenda kama mtu anavyompenda ndugu yake mlevi (unamjua alivyo, ila hutaki mwingine amseme). Wakati huo ekzosi yake ilikuwa imeliwa na kutu, nikiwasha asubuhi mbwa wa jirani wanahama. Ndipo mdogo wangu wa kiume, Ema, akaja na habari kwamba wazazi wa mchumba wake Upendo wamekubali kupokea posa Jumamosi, na wazee wetu wanatafuta usafiri wa kupanda Nkoaranga. Hata hajamaliza nikadakia, "Usafiri upo. Dada yako nipo."

Akaniangalia. "Dada, na zile kelele?"

"Kelele zipi? Jumamosi utalisikia linanong'ona."

Nikalipeleka kwa fundi Shabani, akaingia chini, akagonga bomba kwa spana, kutu ikammwagikia usoni. Akatoka anapangusa macho. "Dada, hapa nikichomelea nitakuwa nachomelea hewa. Tulitoe lote kuanzia katikati, nikutafutie la mtumba lenye afya." Ushauri mzuri, hata mimi niliuona mzuri, ila hela yangu yote ilikuwa imeingia kwenye zawadi za posa, na sikuwa tayari kumwambia Ema kwamba mdomo wangu ulitangulia mfuko. Nikamwambia fundi nitarudi, nikaenda nyumbani, nikafungua simu, nikamtazama jamaa mmoja kwenye video anaziba ekzosi kwa kopo: unalikata, unapaka puti kwenye tundu, unalivisha kopo kama bandeji, unakaza na waya, basi. Nikajiambia, mimi ninayebebesha miche kila siku, naunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, tena ikashika, nitashindwaje na bomba?

Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalala chini ya gari na gauni langu la shambani, nikafunga. Na lilikubali! Nililiendesha barabara ya lami mpaka karibu na mjini na kurudi, limetulia kama gari la balozi, nikapita makusudi mbele ya gereji ya Shabani nikampungia mkono.

Jumamosi tukapakia. Mbele alikaa Baba Mkubwa Elifasi, msemaji wetu, mzee wa suti na fimbo ambaye akikohoa tu ukoo mzima unanyamaza. Nyuma Shangazi Eliwaza pamoja na sukari, majani ya chai, kreti za soda, blanketi la mama mkwe, na shuka jekundu zito la bibi yake Upendo. (Huyo bibi ndiye tuliyeambiwa tumwangalie sana; asipokubali yeye, hakuna aliyekubali.) Sasa lami ni lami na mlima ni mlima. Tulipoanza kupanda katikati ya migomba, gari limeelemewa, nami nimekanyaga mafuta, nikasikia huko chini kacha-kacha-kacha.

"Mama," akasema Baba Mkubwa bila kugeuka, "gari lako linaongea."

"Ni mawe, baba." Nikaongeza sauti ya redio, kwaya ikaimba kwa nguvu, na mimi nikaimba nayo.

Kwenye kona moja kali likalia pwaa! kama bunduki, kopo likachomoka na kubiringika bondeni, akina mama waliokuwa na mikungu ya ndizi kichwani wakaruka pembeni, mmoja akaitupa yake kabisa, na bomba lenyewe likakatika na kuanza kuburuta chini likitoa cheche. Nikasimama. Shangazi akasema tuache gari hapo, si mbali, tubebe zawadi tutembee. Hapo ndipo ningejiokoa, lakini nilijiona tunafika ukweni tumejitwisha kreti kama wachuuzi, moyo ukakataa. Kamba sikuwa nayo. Nikalitazama lile shuka.

"Aneth, usithubutu," Shangazi akasema.

"Nitalilowesha maji, Shangazi. Kitu kilicholowa hakiungui."

Nikalisokota likawa kamba nene, nikalilowesha, nikalifunga bomba kwenye bampa la nyuma, tena kwa fundo zuri sana. Tukaendelea, sasa gari halina siri tena, linanguruma mlima mzima unasikia, watoto wanatukimbilia, na Baba Mkubwa amefumba macho, sijui anasali au ananilaani.

Getini kwa kina Upendo walikuwa wamejipanga kutupokea kwa wimbo. Niliona midomo inacheza, wimbo sikuusikia. Nikaingia mpaka katikati ya uwanja uliofagiliwa vizuri, nikazima, na katika ule ukimya, nikiwa nimeshafungua mlango na tabasamu langu, mtu akapiga kelele, "Moto! Gari linaungua!"

Maji yalikuwa yamekauka njiani. Shuka lilikuwa linafuka moshi mweusi na mwali umeanza kuchungulia, watu wakatawanyika, na Baba Upendo mwenyewe, mzee wa kanisa mrefu asiyecheka, akanyakua ndoo ya kwanza aliyoiona mlangoni mwa jiko akaumwagia moto yote. Moto ukazimika. Kisha ikaja harufu. Ile ndoo ilikuwa ya mtindi wa kuchanganyia loshoro ya mahindi, chakula cha wageni, yaani sisi, na mtindi ukikutana na bomba la moto hunuka kiasi kwamba hata kuku walisogea mbali.

Tukakaribishwa ndani hivyo hivyo. Baba Mkubwa akasimama, akaongea kwa heshima, akaanza kukabidhi zawadi moja moja kama alivyokaririshwa, hii ya baba, hii ya mama, mpaka akafika: "Na shuka la bibi..." Akanigeukia. Chumba kizima kikanigeukia. Mahari ya mdogo wangu, ndoa yake, yote niliyaona yananing'inia kwenye shingo yangu.

Nikatoka nje, nikalifungua, nikarudi nalo limeungua nusu, linachuruzika mtindi, nikapiga magoti mbele ya bibi. "Shikamoo bibi. Shuka lako ndilo hili. Nimelifungia ekzosi. Kosa si la Ema wala la wazee hawa, ni langu peke yangu."

Bibi akalishika kwa ncha za vidole, akalinusa, akaniangalia sana. "Marahaba. Na huyo kaka yako naye ana akili kama zako?"

"Hapana bibi, yeye alinionya."

Akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na alipocheka yeye nyumba nzima ikapata ruhusa, nje dirishani nikasikia sauti ya Upendo imeshindwa kujizuia. Baba Upendo peke yake hakucheka. Akasema, "Posa tumeipokea. Kelele hatukuzipokea." Tukapigwa faini ya mashuka mawili mapya na mtindi urudi kama ulivyokuwa, na mimi niwe wa mwisho kula.

Gari lilishuka wiki iliyofuata likivutwa, Shabani akalifunga bomba la mtumba alilolisema tangu mwanzo, wala hakunisema, alinikata tu hela yake polepole mpaka ikaisha. Ema ameoa. Mimi bado najiamini, hilo halijatoka, na miche yangu inashika kuliko ya mtu yeyote Tengeru. Ila nimejifunza kwamba siku ile kilichonipungukia hakikuwa hela. Nilishindwa kusema maneno matatu tu: gari langu bovu. Ningeyasema, wazee wangekodi gari lingine na tungekula loshoro. Siku hizi mtu akiniomba usafiri, namtajia ugonjwa wa gari kwanza, wote, ndipo namuuliza kama bado anataka kupanda.