Mashimo Niliyoyafukia Kwenye Leleshwa

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Mke wangu Nekesa, Mungu amrehemu, alikuwa akinuna nikisema hivyo. Ni siku Mzee Kimutai alipochoma fimbo yake ardhini, kwenye kilima cha juu ya Kariandusi, ikazama yote mpaka kiganjani.

Miaka hiyo ya hamsini tulikuwa familia sita za wachoma makaa kwenye shamba la mzungu mmoja. Pampu yake ya maji haikunywa petroli, ilikula makaa. Yaliwaka ndani ya pipa la chuma, gesi yake ikaendesha injini, maji yakapanda mpaka kwa ng'ombe na kwetu. Kwa ajili ya pampu hiyo tuliruhusiwa kujenga na kulima. Mzee Kimutai, mkuu wetu, alikuwa na sheria moja tu kuhusu leleshwa, mti mdogo tuliouchomea makaa: hukatwa, kisiki huachwa. Kisiki kitachipua, na baada ya miaka michache utarudi kukata palepale.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na nilijiona mjanja. Niligundua kwamba makaa ya mizizi ni mazito na hukaa sana motoni. Fundi wa pampu akanisifu mbele za watu: "Haya makaa ni ya nani? Tangu asubuhi hata sijaongeza!" Sifa hulevya, mwanangu. Nikang'oa visiki upande mzima wa kilima, nikafukia mashimo na kuyakanyagakanyaga nisijulikane.

Fimbo ndiyo iliyonijua.

"Kijana, hapa chini kuna nini?" Mzee aliuliza.

"Hakuna kitu, mzee."

"Hiyo ndiyo shida. Hakuna kitu." Wala hakupaza sauti. "Umechinja ng'ombe ya maziwa, sasa unafurahia supu. Mzungu amesema mvua ikiisha anakuja kuangalia hii kilima. Kama haijachipua, analeta injini ya dizeli, na sisi wote tunafunga mizigo. Enda uambie watu wewe mwenyewe. Mimi sikusemei."

Nilipita nyumba zote tano. Heri ningechapwa. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alisimama tu akayatazama mahindi yake. Nekesa, mwenye mimba yetu ya kwanza, alinikasirikia siku mbili. Ya tatu akachukua panga, tukaenda kukata miiba ya kuzungushia kilima, mbuzi wasiingie, maana Mzee alisema huenda ncha za mizizi nilizozikosa bado zina uhai. Kumbe wale niliowakosea nao walikuja na mapanga. Mficha uchi hazai. Siku hiyo nililielewa neno hilo.

Mvua ikanyesha wiki moja, mbili, kilima kitupu. Nikaacha kula. Wiki ya tatu, asubuhi, nikasikia Nekesa akiniita kutoka kule juu. Nikakimbia. Chini ya miiba kulikuwa na vichipukizi vya kijivujivu, hapa vitatu, pale kumi. Mzee Kimutai akachuma kimoja, akakisugua, akaninusisha. Harufu ileile kali ya leleshwa.

"Haya," akasema, "sasa kula."

Nilikaa matopeni nikacheka na kulia kwa pamoja. Mzungu alikuja, akatazama, akaenda zake. Mtoto wetu alizaliwa katika nyumba yetu.

Basi mwanangu, nasikia siku hizi huko chuoni Njoro mnasomea kutoa mafuta na dawa kwenye miti. Vizuri sana, someni. Lakini kabla hujauliza mti utakupa nini, uliza wewe umeacha nini ardhini. Na ukikosea, maana utakosea, usifukie shimo. Ita watu wakati mizizi ingali hai.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe na majirani wenye mapanga, na kila utakachokata kichipue tena.