Jirani Kaomba Moto

Ijumaa ya wiki iliyopita nilikuwa Kisarawe kwa dada yangu. Mumewe ana duka, na ukiacha boma la serikali, ni mmoja wa wachache pale wenye injini ya umeme. Sikutulia hata kidogo. Kila pasi ilipochomekwa kunyoosha kanzu za kwendea msikitini, fyuzi ilikatika na nyumba nzima ikazimika.

Fundi akaitwa, akafunga waya mpya wa fyuzi. Ukakatika. Shemeji, jasho linamtoka, akamletea msumari.

"Weka huu, haukatiki."

"Kweli haukatiki," fundi akasema. "Itaungua nyumba."

Akafuata nyaya ukutani, chumba hadi chumba, mpaka uani. Pale waya mmoja uliruka ua, ukazama chini ya makuti ya jirani. Kwa jirani nako pasi ya umeme ilikuwa imechomekwa.

"Nani kaunga huu?"

Dada akajifuta mikono kwenye khanga. "Nilimruhusu mimi. Jirani kaja kuomba moto, nimnyime? Tangu lini moto ukanyimwa jirani?"

"Huo wa jikoni, mama. Huu utawachoma wote wawili."

Akaukata kwa koleo. Ng'ambo ya ua tukasikia pasi ikiwekwa chini, taratibu.

Nilicheka siku ile. Jana nimepita tena: taa zinawaka, fyuzi nzima. Lakini dada hakai kitako. Anakwenda uani, anachungulia, anarudi. Jirani hajaja tena kuomba hata chumvi.