Amplifaya ya Valvu Nne

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu inayonijia kila nikiona mtu anafungua mgongo wa redio kwa pupa. Weka hiyo simu chini kidogo, nikueleze.

Miaka hiyo miwa ilikuwa imeshamiri huku Kabras. Trekta zilipita mbele ya kanisa letu tangu asubuhi, na kila ikipita moja, kwaya yetu ilimezwa na kelele. Amplifaya ya kanisa ilikuwa ya valvu mbili, zile taa za kioo za redio za zamani, na sauti yake ilikuwa ya mgonjwa. Nikaapa kutengeneza ya valvu nne. Nilikuwa najifunza ufundi kwa mzee Shiundu, sokoni Malava, msichana pekee katika karakana ile, na wanaume walikuwa wamenicheka vya kutosha. Nilitaka wanyamaze.

Rafiki yangu Rosa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuja kunisaidia. Jumamosi mchana, kesho yake tukiwa na sikukuu ya mavuno, niliwasha umeme kabla ya kuweka valvu ili nipime transfoma. Ilikuwa sawa, nikachomoa waya ukutani. Sasa, mzee alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba kapasita hubaki na umeme ndani hata ukishachomoa, na lazima uumalize kwanza kwa rezista, kile kijiti cha kupunguza umeme. Nilijua. Nilikuwa na haraka tu.

"Nishikie huo waya hapo ndani," nikamwambia Rosa. "Nimeshachomoa."

Alirushwa hadi kwenye benchi la pili, akalala pale macho wazi, kimya. Mungu wangu, nilidhani nimemuua. Alipovuta pumzi nililia kwa sauti, halafu nikafanya baya zaidi. Mzee Shiundu alipoingia mbio nikasema, "Ameguza mwenyewe, mimi sikuwa naangalia."

Rosa akajiinua, akakikumbatia kiganja chake.

Mzee akaangalia kiganja cha Rosa kilichoungua, akaangalia rezista iliyokuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake. "Mukhana, msichana wangu, umeme haujuangi kitu," akasema. "Wewe ulijua. Sema ukweli, ama utoke kwa karakana yangu."

Nikasema. Nilisema mbele ya wale wanaume, na jioni nikasema mbele ya mama yake Rosa, aliyenifokea mpaka majirani wakatoka nje. Nilistahili. Sikukuu ikapita bila amplifaya yangu.

Lakini sikuacha. Jumatatu nilirudi, nikalehemu rezista ndani kabisa ili umeme uishe wenyewe kila inapozimwa, nikapima, nikapima tena, wiki mbili nzima. Siku ya kuijaribu kanisani nilishika waya, nikashindwa kuuchomeka. Watu wote walikuwa wananingoja. Rosa akatoka kwenye safu ya kwaya, akauchukua kwa mkono wake wenye kovu, akauchomeka, akarudi kuimba. Trekta ikapita nje na hatukuisikia.

Basi, mwanangu, tamani makubwa, na wakikucheka kaza buti. Ila hatari unayoijua, mwambie mwenzako kabla hajanyoosha mkono. Na ukimuumiza, sema "ni mimi" siku hiyo hiyo, hata ukiwa unaogopa. Mungu aitulize mikono yako, akujalie kazi isiyoumiza mtu, na siku utakapokosea, akupe rafiki atakayekuamini tena.