Roli Nzima ya Waya Ijara

Niliondoka Garissa kwa sababu pampu ya kisima cha Ijara ilikataa kuwaka, na fundi wetu alikuwa kitandani na homa. Mimi ni msaidizi tu, darasa la saba sikulimaliza. Nikawaambia hivyo. Wakasema, panda lori.

Tulikwenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, kwa hofu ya shifta, majambazi wa njiani. Karibu na Bura ulisikika mlio mkubwa, wote tukalala chini. Ilikuwa gurudumu letu limepasuka. Sitaki kusingizia wengine: wa kwanza kuruka nilikuwa mimi.

Ijara alinipokea Koplo, mkuu wa kambi ya polisi, mtu wa bara kama mimi. Alinieleza kwamba kwa usalama injini ya pampu siku hizi huwashwa kutoka kambini. Ukibonyeza kitufe, umeme wa betri hupita kwenye waya hadi kisimani, swichi ya sumaku huvuta, injini hunguruma. Nikateremka kisimani, yeye akabonyeza. Nilisikia tik-tik-tik, basi.

Abdi, mfugaji, alikuwa hapo na ng'ombe wake, mmoja ameshalala chini.

“Fundi, ng'ombe yangu hainywi tiki-tiki. Zamu yangu ni leo. Jua ikizama, bamba, hii pampu, ni ya Hassan na ng'ombe yake, mimi narudi nyuma ya watu yote. Hii imelala itangoja, wallahi?”

Nilipima. Kwenye betri kambini, volti kumi na mbili, kisimani, saba. Nikadhani kipimo ni kibovu, kisha nikadhani mbovu ni mimi. Nikaufuata waya kurudi kambini, hadi chini ya kitanda cha Koplo. Kumbe roli kubwa ya waya ilikuwa bado imekunjwa pale, na umeme ulikuwa ukiizunguka yote, ukichoka, kabla haujatoka mlangoni.

“Tukate hapa, afande.”

“Hukati! Nilikabidhiwa roli nzima, nitakabidhi roli nzima.”

Nisimwonee. Aliyemtangulia alihamishwa kwa sababu ya sepetu moja iliyopotea.

Abdi alikuwa amenifuata. “Koplo, ndugu yangu, wewe lalia waya. Mimi nitalalia ngozi ya ng'ombe.”

Nikasema, bila uhakika, “Tusikate. Tuumenye waya pale unapotoka kwenye roli, tuunge betri na kitufe hapo. Roli ibaki nzima.”

“Nzima kabisa?”

“Nzima, ila itapumzika.”

Alinishika mkono wenye kisu muda wote. Tulipomaliza alibonyeza mwenyewe, na injini ikanguruma.

“Alhamdulillahi!” Abdi alishakimbia. Yule ng'ombe aliyelala aliletewa maji kwa ndoo, akanywa, akasimama. Jua lilikuwa bado juu ya miiba. Nilipewa maziwa mpaka nikaomba msamaha.

Nilirudi Garissa na msafara uliofuata. Fundi, aliyekwisha kupona, alisema ilifaa nikate waya, na kwamba nimebahatisha. Huenda. Nilichojifunza ni kwamba waya mrefu hula umeme hata ukilala chini ya kitanda, na mtu mwenye hofu ni heri umwachie roli yake. Ng'ombe hawakuuliza nani alishinda.